Sura ya Sita: Keki ya Siku Mia Nne

Helikopta ilimteremsha Ragna Eikeset kwenye jukwaa la mafuta la Teisten saa tatu asubuhi, Jumanne ya pili ya Machi. Upepo wa kusini-magharibi ulikuwa mkali hata akalazimika kushika reli kwa mikono miwili. Mita thelathini chini ya buti zake bahari ilikuwa na rangi ya risasi, na ilipanda na kushuka kama kifua cha mgonjwa.

Alikuwa amebeba vitu vitatu: kompyuta yake, fomu ya ofisi yake ya ukaguzi wa serikali ambayo ilikuwa bado haijatiwa sahihi, na kadi ya posta isiyo na jina la aliyeituma.

Fomu ilikuwa na nafasi moja tu ya kujaza. *Uvujaji mkubwa wa mafuta unatazamiwa kutokea mara moja katika miaka* ____. Mwaka uliopita Ragna mwenyewe aliijaza: elfu mbili na mia sita. Ijumaa saa sita mchana alitakiwa kuijaza tena. Akiandika nambari ileile, Teisten wangeendelea kusukuma mafuta majira yote ya skrei, wakati samaki hao wanapokuja kutaga na mayai yao kuelea juu ya maji, mabilioni kwa mabilioni, kutoka ukingo wa kina kirefu mpaka visiwani. Mafuta yakiyakuta mayai hayo, kizazi cha mwaka mzima kinakwisha, na watu wa pwani nao wanabaki na nyavu tupu. Akikataa kutia sahihi, jukwaa lingefungwa mpaka Mei.

Kadi ya posta ilikuwa na picha ya kanisa la mbao. Nyuma yake yaliandikwa maneno machache kwa kalamu ya risasi: *Hesabu yako ni safi kupita kiasi. Njoo kabla ya samaki.* Pembeni palikuwa na doa gumu linalong'aa. Ragna alikuwa ameligusa kwa ulimi akiwa ofisini kwake. Lilikuwa sukari.

Mkuu wa jukwaa, Torkil Nesvåg, alimpokea kwa kahawa na uso uliofungwa. Alikuwa mtu mrefu, mwenye desturi ya kunyoosha karatasi zilizokwisha kunyooka. Alimwambia kwamba hana cha kuficha, kwamba makabati yote yako wazi, na kwamba kama amekuja kutafuta mchawi basi amepoteza nauli ya serikali.

"Sitafuti mchawi," Ragna alisema. "Natafuta wadogo zake ajali."

Torkil hakuelewa, ikabidi amweleze. Ajali kubwa, alisema, haihesabiki kwa kuitazama yenyewe, kwa sababu Mungu ni wa rehema na haiji mara nyingi. Huhesabiwa kwa wadogo zake: uvujaji mdogo, wa kufungwa kwa spana na kusahaulika. Katika bahari nzima inajulikana ni wadogo wangapi huzaliwa kabla mkubwa hajafika. Majukwaa ya makampuni mengine yenye umri wa Teisten yaliripoti uvujaji mdogo kama mara nane kila mwaka. Teisten iliripoti mara tano kwa miaka sita.

"Kwa hiyo tunaadhibiwa kwa kufanya kazi vizuri?"

"Huenda mnafanya kazi vizuri. Nionyeshe stoo."

Kwanza alimshuku Torkil mwenyewe. Mkuu wa jukwaa ndiye anayesifiwa mambo yakienda sawa, na ndiye mwenye funguo za kumbukumbu. Ragna alikaa saa mbili akilinganisha ripoti zilizotumwa nchi kavu na zile zilizoandikwa na mafundi kwa mkono. Hakukuta hata herufi moja iliyobadilishwa. Kila karatasi iliyomfikia Torkil, Torkil aliituma. Kama kulikuwa na uongo, ulikuwa umezaliwa kabla ya karatasi.

Stoo alihesabu gasketi, zile pete zinazowekwa kwenye maungio ya bomba ili mafuta yasipenye. Hakuna anayeandika barua kwa ajili ya gasketi. Mtu huchukua, anabofya namba kwenye kompyuta ya stoo ili nyingine iagizwe, anakwenda zake. Ragna aliondoa zote zilizochukuliwa wakati wa matengenezo ya kila kiangazi. Zilibaki tisini na sita.

Uvujaji mara tano kwa maandishi, na pete tisini na sita mikononi mwa mafundi. Torkil alisema, kwa haki kabisa, kwamba pete hubadilishwa kwa sababu nyingi. Ragna akakubali, akaikata hesabu katikati. Hata arobaini na nane zilikuwa karibu mara kumi ya tano.

Kisha alizipanga kwa ukubwa na tarehe, na hapo akaacha kunywa kahawa. Tangu mwaka mpya zilichukuliwa tisa, zote za inchi nane. Kwenye Teisten kulikuwa na bomba moja tu la inchi nane: lile la kusafirishia mafuta, linalopita sitaha ya chini kabisa, juu ya maji. Akaandika siku zilizopita kati ya pete moja na nyingine, zile za mwisho: tisa, saba, tano, nne, mbili. Pete ya mwisho ilichukuliwa Jumatatu, siku moja kabla ya yeye kufika.

"Nani anashughulikia bomba hili?"

"Asle Kvamme na watu wake," Torkil alisema. "Asle yuko hapa tangu siku ya kwanza. Ukimwona huyo amesema uongo, mimi nitakula kofia yangu ya chuma."

Asle Kvamme alikuwa fundi wa vali, mtu wa miaka sitini, mzaliwa wa visiwa vilevile ambako skrei hupita. Alikuja bila viatu, kwa soksi, maana buti za kazi haziruhusiwi ndani, akaketi kama mtu aliyekuja kunyolewa. Alijibu kila swali kwa adabu. Pete zilikuwa za tahadhari. Bomba lilikuwa linatikisika kidogo, ndiyo, lakini bomba lisilotikisika limekufa. Ragna alipomuuliza waziwazi kama amewahi kufunga uvujaji bila kuandika, alitabasamu.

"Wanasema kabla hujawa profesa wa nambari ulikuwa unapasua samaki kiwandani."

"Miaka ishirini na moja. Takwimu nilisoma jioni, baada ya zamu."

"Haya, kisu kikikukata, ulikuwa unaandika ripoti?"

"Nilikuwa nafunga kitambaa naendelea."

"Basi," Asle alisema, akafungua viganja vyake.

Ragna akaweka mkono wa kushoto mezani. Kidole cha shahada hakikuwa na ncha. Kiliishia kwenye kiungo cha kwanza.

"Hiki ndicho ambacho sikukiandika," alisema. "Kiliingia usaha siku ya nne."

Asle alikitazama, na tabasamu likamtoka. Kisha akaomba ruhusa ya kurudi kazini.

Nje ya ukumbi wa kulia palikuwa na ubao mweupe. Ragna alikuwa ameupita mara tatu bila kuusoma. *Siku bila uvujaji wala majeraha: 399.* Chini yake mtu amechora keki yenye mshumaa.

Aliufuata mchoro huo jikoni. Birger, mpishi, alikuwa mtu mnene mpole ambaye kila Jumapili aliwasomea Zaburi wale wachache waliotaka kusikia. Alikuwa anasukuma lozi zilizosagwa na sukari, akizitandaza ziwe blanketi la keki. Ragna aliuliza keki ni ya nini, naye akajibu kwa fahari. Kila siku mia bila tukio, wote wanapata keki. Siku mia mbili, keki kubwa zaidi. Mia nne haijawahi kufikiwa, na itafikiwa kesho saa tisa alasiri.

"Na tukio likitokea siku ya tisini na nane?"

"Hakuna keki. Ubao unarudi sifuri." Birger alipunguza sauti. "Iliwahi kutokea. Mtu alivunjika kifundo cha mkono siku ya mia moja tisini na saba. Ragna, hawakumkaripia. Hakuna aliyesema kitu. Wiki nzima walimpitishia chumvi bila kumwangalia. Akaomba uhamisho."

Ragna aliitoa kadi ya posta, akaiweka kwenye unga. Birger aliitazama. Alilifuta doa la sukari kwa kidole gumba, akamrudishia. Ragna hakuuliza, naye Birger hakukiri. Alisema tu kwamba yeye si fundi, mambo ya mabomba hayajui, ila majira haya ya baridi watu wa sitaha ya chini wanakuja mezani nguo zao zikinuka mafuta, na anapowaombea chakula harufu inamjia puani kabla ya amina.

Jumatano asubuhi Ragna alimkalisha Torkil mbele ya kompyuta. Alikuwa ameweka mistari miwili ya tarehe. Wa juu ulikuwa wa majeraha, kwa kuwa mkono uliovunjika haufichiki, muuguzi lazima auone. Wa chini ulikuwa wa uvujaji ulioripotiwa mara tano. Mtu aliumia, ubao ukarudi sifuri. Siku tatu baadaye, uvujaji ukaripotiwa. Mtu mwingine akaumia, na siku tisa baadaye uvujaji mwingine. Mara zote tano ilikuwa hivyo, na hakuna hata mmoja uliotokea baada ya siku ya kumi na moja ya hesabu.

Torkil alisema huenda ni bahati tu.

"Nimeipima bahati hiyo. Kwa siku nyingi hivi, mara zote tano uangukie humo kwa bahati? Labda mara moja katika mara milioni kadhaa." Ragna alinyooshea kidole mstari wa chini. "Waliandika wakati keki ilikuwa mbali, walipokuwa hawana cha kupoteza. Lakini bomba halijui siku ya keki, Torkil."

"Watu wangu hawasemi uongo."

"Sijasema wanasema uongo. Wanapendana, hawataki kunyang'anyana keki. Na mtu anayempenda mwenzake ndiye mgumu kuliko wote kumhoji."

Torkil alinyoosha karatasi iliyokwisha kunyooka. Alisema, kwa sauti ya chini, kwamba desturi ya keki ilianzishwa na yeye. Ilipendwa sana. Kampuni imeipeleka kwenye majukwaa yake mengine manane.

Aliuliza sasa wafanye nini. Pete peke yake zingebishaniwa mpaka Mei, na kampuni ingesema ni tahadhari, kama Asle alivyosema. Ragna alihitaji watu waseme wenyewe, na hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza. Akaomba apewe chakula cha mchana, watu wote arobaini na wanne, na kibanda cha simu chenye mlango.

Akaomba na sarafu, lakini jukwaa zima hapakuwa na sarafu, kwani nani hubeba sarafu siku hizi? Mwishowe alipapasa koti lake akatoa krone moja, ile yenye tundu katikati, aliyokuwa akiitumia kufungulia vigari vya dukani. Upande mmoja una msalaba wa herufi za mfalme, na upande wa pili ndege.

Walipokwisha kula alisimama mbele yao. Alisema swali ni moja: umewahi kufunga uvujaji na usiuandike? Hataki kujua nani. Kila mtu ataingia kibandani peke yake, atafunga mlango, atarusha sarafu. Ikitoka ndege, atumbukize njegere ya njano kwenye chungu cha Birger, iwe ameficha au hajaficha. Ukitoka msalaba, ajibu kweli: njegere ya njano kwa ndiyo, haragwe jeupe kwa hapana.

"Kwa hiyo njegere yangu," alisema mmoja wa nyuma polepole, "hata wewe huwezi kujua kama nimesema mimi au amesema ndege."

"Hata mimi. Hata ukiapishwa mahakamani unaweza kumsingizia ndege."

Watu wakacheka.

"Na sarafu ikisimama wima?"

"Hiyo itakuwa muujiza," Birger alisema kutoka jikoni. "Uje uniite."

Wakaingia mmoja mmoja. Ilichukua karibu saa nzima. Sarafu ilisikika ikigonga rafu ya simu, kisha kimya, kisha mlio mdogo chunguni. Mwanzoni walitaniana kwenye foleni, kisha utani ukaisha. Asle alikaa kibandani muda mrefu kuliko wengine. Sarafu yake iligonga mara moja tu, lakini mlango haukufunguliwa upesi.

Birger alikimimina chungu kwenye sinia, mbele ya wote. Ragna hakugusa kitu. Alimwachia Torkil ahesabu, naye Torkil alihesabu mara mbili, akisogeza moja moja kwa kidole.

Za njano arobaini. Nyeupe nne.

"Sikilizeni," Ragna alisema. "Ndege anapaswa kutoka karibu nusu. Ishirini na mbili za njano ni zake, nampa. Kama hakuna aliyewahi kuficha, hapa pangekuwa na nyeupe ishirini na mbili, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Ziko nne. Kati ya kila watu watano humu ndani, kama wanne wamefunga uvujaji na hawakuuandika."

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Kila mmoja alikuwa ameingia kibandani akidhani ni yeye peke yake, au yeye na wachache. Sasa walikuwa wanatazama sinia, wakiona ndugu zao wote wamelala hapo, njano tupu.

Ilikuwa saa tisa kasoro robo. Birger alikuwa tayari ameileta keki, nyeupe, pana kama meza ya mtoto, na tarakimu 400 za sukari ya kijani. Aliishusha mezani, akarudi nyuma.

Torkil alitoka nje ya ukumbi. Walimsikia kwenye kipaza sauti, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa, akiamuru visima vifungwe na pampu ya kusafirishia izimwe. Sakafu, ambayo haikuwa imeacha kutetemeka usiku wala mchana, ilitetemeka kwa nguvu kidogo, kisha ikatulia. Vijiko vilivyokuwa vikilia ndani ya vikombe vikanyamaza. Kwa mara ya kwanza tangu afike, Ragna alisikia mawimbi.

Na chini ya mawimbi, kitu kingine. Sauti nyembamba, isiyokatika, kama mtu anayepiga mluzi kati ya meno, ikitoka sitaha ya chini. Miezi yote hiyo ilikuwa imefunikwa na kelele za mashine, na upepo ulikuwa ukichukua harufu yake kabla haijafika kwenye kengele za gesi.

Asle alikuwa wa kwanza kusimama.

"Ni ya inchi nane," alisema. "Lakini hiyo nimeibadilisha jana."

"Jumatatu," Ragna alisema. "Stoo inasema Jumatatu."

"Jumatatu nilibadilisha. Jana nikabadilisha tena. Wewe ulikuwa umekaa stoo unahesabu, ningeingiaje? Nilikuwa nayo moja mfukoni."

Ragna alifungua daftari. Chini ya tisa, saba, tano, nne, mbili, aliandika moja. Kisha akamwambia Torkil, aliyekuwa amerudi mlangoni, kwamba bomba lote litolewe shinikizo, na watu wavae maboya ya kujiokolea sasa hivi.

Gesi ilipelekwa kwenye mnara wa kuchomea. Moto ukanguruma juu ya paa mpaka madirisha ya ukumbi yakawa mekundu mchana kweupe. Watu arobaini na wanne walisimama kwa safu kando ya boti za kuokolea, wakihesabiwa majina. Mluzi ulishuka pole, ukakatika, ukarudi, ukakatika kabisa. Birger alisikika akisema sala ya Baba Yetu, na wengine ambao hawakuwahi kufika kwenye Zaburi zake waliitikia mwishoni.

Asle alishuka na watu wake, na ilipita saa moja na nusu kabla hajapanda kutoka chini. Alikuwa na pete mkononi, akiwa ameifunga kwa kitambaa. Ukumbini hapakuwa na mtu aliyeikata keki. Alichukua sahani moja, akaiweka pete hapo, karibu na ile 400 ya kijani. Ilikuwa imechanika robo tatu ya duara. Bolti nne kati ya nane, alisema, zilikuwa zimepasuka shingoni. Sitaha ilikuwa na mafuta ya ndoo moja hivi. Baharini yameingia kidogo tu, kama ya kikombe.

Kupitia dirisha, mbali upande wa visiwa, zilionekana mashua mbili za kwanza za skrei zikielekea nje.

"Mashua yangu ni ya tatu, bado haijatoka," Asle alisema. "Ya ndugu yangu, nataka kusema." Aliigeukia sahani. "Pete hii ingedumu mpaka Ijumaa?"

"Hesabu haisemi ni lini," Ragna alijibu. "Inakwambia tu umesimama karibu kiasi gani."

Torkil alikuwa ameingia na kitambaa chenye maji, mikono imelowa. Nje ya mlango ubao ulikuwa mtupu. Aliuliza, bila kumtazama yeyote, kuhusu yale majukwaa mengine manane. Ragna alitoa fomu, akaitandaza mezani kati ya keki na pete. Alikata neno *miaka* kwa mstari mmoja, juu yake akaandika *siku*. Nafasi ya nambari aliiacha wazi, akaigeuza fomu ielekee kwa Asle Kvamme.

"Andika wewe," alisema.

Asle aliifuta mikono yake kwenye suruali, mbele na nyuma, akachukua kalamu, akaandika moja.